Gyeran jjim: mayai ya mvuke ya Kikorea, ya chungu na ya bakuli

Kabla hujapasua yai hata moja amua kwanza unapika ipi, manake gyeran jjim ziko za aina mbili na watu wengi wanazichanganya bila kujua, wanaanza na maelezo ya hii wanamalizia na ya ile, mwisho yai linatoka maji chini, juu limekauka, kisha wanasema mapishi ya Kikorea magumu. Sio magumu. Ni mayai, supu na chumvi, basi. Ila kila aina ina utaratibu wake na huo utaratibu unapingana na wa mwenzake karibu kila hatua.

Aina ya kwanza ni ya chungu, ile unayoiona kwenye migahawa ya nyama choma ya Seoul inaletwa mezani imevimba mpaka imepanda juu ya ukingo wa chungu, inatetemeka, mvuke unatoka. Hiyo inapikwa juu ya moto moja kwa moja na unaikoroga. Aina ya pili ni ya bakuli, laini kabisa, haina tundu hata moja, inapikwa ndani ya sufuria yenye maji na hiyo huigusi kabisa mpaka iive. Kwahiyo ya chungu inataka mkono usitulie, ya bakuli inataka mkono ukae mbali. Ukishalielewa hilo nusu ya kazi umeimaliza.

Kuna na ya tatu ya zamani, ya kuivishia juu ya wali, hiyo ntaieleza mbele, na kwa kweli ndo naipenda kuliko zote.

Mayai kwanza

Korea Kusini mayai yanapangwa kwa uzito, daeran ni gramu 52 mpaka 60 pamoja na ganda, teukran ni 60 mpaka 68, wangran ni 68 kwenda juu. Vipimo vyote hapa chini nimepiga kwa daeran, yaani ukipasua unabaki na kama gramu 50 hivi. Kama mayai yako ni madogo sana ongeza moja, kama makubwa supu usiipunguze, iache ilivyo, haitaleta shida, shida inakuja mayai yakiwa madogo alafu supu nyingi.

Na kama uko Korea au unaenda kuishi huko, jifunze kusoma ganda. Kila yai la dukani limepigwa muhuri wa herufi na namba 10. Nne za mwanzo ni mwezi na tarehe kuku alipotaga, ukiona 0823 ujue ni tarehe 23 mwezi wa 8, zinazofuata tano ni za shamba, ya mwisho kabisa ndo inakwambia kuku anaishije: 1 anatembea nje, 2 yuko bandani lakini yuko huru chini, 3 yuko kwenye kizimba kilichopanuliwa, 4 kizimba cha kawaida. Tarehe ya kutaga imeanza kupigwa 2019, miaka miwili baada ya mwaka 2017 ambapo dawa ya wadudu inaitwa fipronil ilikutwa kwenye mayai na watu wakataka kujua wanakula nini. Wengine wakiwa dukani wanaangalia bei tu, mi nakushauri ganda ulisome, kwenye chakula chenye viungo vitatu kila kiungo kinasikika mdomoni.

Yai la siku chache linafaa zaidi. La zamani sana ute wake umekuwa maji na harufu inatoka kwa urahisi, na kwenye mvuke harufu haina pa kujificha.

Supu ya dagaa na mwani

Unaweza kutumia maji matupu na gyeran jjim itatokea, ila ladha ya nyumbani kabisa inatoka kwenye supu ya dagaa na mwani. Jikoni kwa Wakorea hii supu ni ya kila siku, doenjang jjigae, yaani mchuzi wa soya iliyochachushwa, inaanzia hapo, tambi za janchi guksu zinaanzia hapo, ndo maana kina mama wengi huko wanachemsha nyingi kwa mara moja wanaweka kwenye friji wanatumia kidogo kidogo.

Chukua dagaa wakavu wakubwa, wale wanaoitwa myeolchi wa supu, sio wadogo wa kukaanga. Sehemu za pwani ya kusini kama Namhae na Tongyeong ndo zinasifika kwa dagaa hawa. Watoe vichwa na matumbo, hasa lile tumbo jeusi, kwasababu ndo linaleta uchungu, ukiliacha supu nzima inakuwa chungu na hakuna cha kuirekebisha. Kwa maji lita 1 weka dagaa kama 15 mpaka 20. Wakaange kavu kwenye kikaango dakika 1 au 2, bila mafuta, mpaka usikie harufu imebadilika, ile shombo imekata imebaki harufu ya samaki wa kuchomwa. Alafu kipande cha mwani mkavu wa dasima ukubwa wa kiganja. Ule unga mweupe juu ya mwani usiuoshe, ladha ndo iko pale, futa tu mchanga kwa kitambaa.

Loweka mwani kwenye maji ya baridi nusu saa, weka dagaa, bandika. Ikianza kuchemka tu mwani utoe, ukiuacha uchemke muda mrefu unatoa utelezi na supu inakuwa nzito vibaya. Dagaa waache dakika 10 zaidi, sufuria wazi bila mfuniko ili shombo liondoke na mvuke. Chuja. Iache ipoe.

Chumvi ya gyeran jjim ya asili inatoka kwa uduvi waliovundikwa na chumvi, saeujeot. Wale wanaovuliwa mwezi wa 6 wa kalenda ya mwandamo wanaitwa yukjeot, wamenona, weupe, ndo wa bei ya juu, wa vuli wanaitwa chujeot, wadogo zaidi, wengi wanawatumia kwenye kimchi, ile kabichi ya kuchachusha yenye pilipili. Ganggyeong na Gwangcheon ni miji ya masoko ya vitu hivi tangu zamani. Kwa yai sio lazima yukjeot, chujeot inatosha kabisa, ila wakatekate wawe wadogo sana kwa kisu, hakuna anayependa kukutana na mduvi mzima wenye chumvi kali katikati ya kijiko laini, na maji yao usiyamwage, yana ladha kuliko wao wenyewe.

Kama huna saeujeot tumia chumvi ya kawaida. Sosi ya samaki pia sawa. Sosi ya soya ya supu, guk ganjang, inakubalika lakini inalipa yai rangi ya kahawia, kwahiyo nusu kijiko cha chai tu kwa ajili ya harufu na nyingine malizia na chumvi. Hiyo sosi ya soya ya kawaida ya kupikia nyama iache, ina utamu na rangi nyingi.

Jambo moja la msingi kuhusu chumvi: ionje supu, usionje yai bichi. Tia chumvi yote kwenye supu kabla hujachanganya na mayai, onja, iwe imezidi kidogo kuliko supu ambayo ungeinywa, kwasababu mayai hayana chumvi na yataipunguza. Na usijaribu kupika bila chumvi kabisa, chumvi haiko pale kwa ladha peke yake, inasaidia yai kushikana, yai na maji matupu bila chumvi linaganda ovyo.

Ya chungu

Mayai 4, supu mililita 160 hivi, uduvi kijiko kimoja na nusu cha chai au chumvi nusu kijiko cha chai, mirim, ile divai tamu ya mchele ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kama unayo, kitunguu cha majani kimoja kilichokatwa vizuri, karoti kidogo iliyokatwa ndogo ndogo ukipenda, mafuta ya ufuta na ufuta wenyewe wa juu. Chungu kinaitwa ttukbaegi, cha udongo mweusi, kizito. Kiwe cha kubeba kama mililita 500, ili mchanganyiko ujae robo tatu. Hapa ndo penye siri ya kuvimba: chungu kikiwa kikubwa kuliko mayai, yai linavimba lakini haliwezi kufika ukingoni, unalitafuta humo ndani chini, kikiwa kidogo sana linamwagika. Robo tatu mpaka nne ya tano, hapo ndo penyewe.

Kama huna ttukbaegi tumia sufuria ndogo yenye kitako kizito. Itavimba kidogo na itashuka mapema, ladha ni ile ile. Na kama jiko lako ni la induksheni ujue chungu cha udongo cha kawaida hakipati moto juu yake, tafuta kile kilichotengenezewa jiko hilo au rudi kwenye sufuria.

Pasua mayai, koroga mpaka usione ute unaning'inia kwenye uma. Usipige mpaka povu, changanya tu. Ukiyachuja ni vizuri zaidi, ila kwa ya chungu sio lazima sana.

Pakaza mafuta ya ufuta kidogo ndani ya chungu, hasa kuta za juu karibu na ukingo, yai likipanda lisinate. Mimina supu yenye chumvi, bandika moto wa chini ya wastani kwanza. Chungu cha baridi usikiweke moto mkali ghafla, udongo unapasuka, kiache kipate moto taratibu dakika moja mbili ndo uongeze. Supu ikichemka mimina mayai yote na hapo hapo anza kukoroga kwa kijiko, moto wa wastani, na kijiko kifike chini kabisa na kizunguke kwenye kuta, kwasababu yai linaganda kule kwenye udongo kwanza, katikati bado maji.

Angalia kinachotokea. Sekunde za mwanzo hakuna kitu, maji ya njano tu, unaweza kudhani umekosea kipimo. Kisha kijiko kinaanza kukwaruza vipande laini kutoka chini, vinaelea, vinaongezeka, maji yanapungua kati ya vipande, na ukivuta kijiko unaona njia yake inabaki sekunde moja kabla haijajifunga. Ikifika mahali imekuwa kama uji mzito wenye mabonge, karibu robo tatu imeshaganda na robo bado inateleza, hapo ndo pa kuacha kukoroga. Ukiacha mapema chini itaungua na maji yatabaki, ukichelewa yai limeshaiva lote hakuna tena kitu cha kuvimba, unabaki na mayai ya kuvuruga ndani ya chungu.

Sawazisha juu, nyunyiza kitunguu cha majani, punguza moto uwe mdogo kabisa mdogo, funika. Mfuniko wa kawaida wa bapa haufai, utalikandamiza yai. Tumia mfuniko wenye tumbo au chukua bakuli linalostahimili moto lenye mdomo sawa na wa chungu, ligeuze juu chini. Mvuke unabaki humo ndani, yai linapanda kuingia kwenye nafasi ya bakuli na linashika umbo hilo hilo la mviringo. Dakika 3, pengine 4. Utaona mvuke unaanza kupenya pembeni mwa bakuli na kuna harufu ya yai lililoiva yenye ukoko kidogo, ukiisikia hiyo zima hapo hapo, usisubiri. Chungu kimebeba moto mwingi, kitaendelea kupika dakika kadhaa juu ya meza, kwahiyo yai linalotoka jikoni likiwa limeiva asilimia mia litaliwa likiwa limepita.

Funua kwa kitambaa, nyunyiza ufuta na tone la mafuta ya ufuta, peleka mezani. Litashuka. Hiyo ni kawaida, kilichokuwa kinalishikilia juu ni mvuke na mvuke ukipoa unakuwa maji, hata la mgahawani linashuka, ndo maana wahudumu wanakimbia nalo. Kwahiyo watu wakae mezani kwanza ndo ufunue.

Na wale wanaoweka hamira au unga wa kuvimbishia keki ndani ili lipande zaidi, hapana. Ladha inabadilika, kuna ukakasi fulani ulimini. Kipimo cha chungu na mfuniko mzuri vinatosha.

Ya bakuli, laini

Hapa geuza kila kitu. Mayai 3, supu mililita 250, chumvi robo kijiko cha chai na matone ya guk ganjang. Supu ni nyingi kuliko mayai, karibu mara moja na nusu mpaka mara mbili, na hiyo ndo inaleta ulaini. Supu iwe ya vuguvugu ya mkononi, sio ya moto, ikiwa ya moto mayai yanaanza kuiva kwenye bakuli la kuchanganyia na unapata nyuzi nyuzi.

Changanya kwa vijiti au uma ukisugua kitako cha bakuli, mkono ukienda kushoto na kulia, usiinue inue kuingiza hewa. Kisha chuja, na hii hatua usiiruke hata kama umechoka, tumia chujio la chai lenye matundu madogo, lisaidie kwa kijiko. Kinachobaki kwenye chujio ni zile kamba nyeupe za pembeni ya kiini na ute uliogoma kuchanganyika, na hivyo ndo vinavyoleta madoa meupe magumu ndani ya yai laini. Mapovu yaliyobaki juu yatoe kwa kijiko au yaguse na kona ya karatasi ya jikoni, yanaondoka.

Funika bakuli lenyewe kwa kisahani au foili. Matone ya maji yanayodondoka kutoka kwenye mfuniko wa sufuria yanatoboa uso wa yai na kuacha mashimo yenye maji. Weka kitambaa kilichokunjwa ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, weka bakuli juu yake, maji yafike nusu ya kimo cha bakuli, yawe yameshachemka, kisha punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu bila kububujika. Funika sufuria lakini weka kijiti kimoja kati ya mfuniko na sufuria mvuke upate pa kutokea.

Sababu ya utaratibu wote huu ni joto. Ute peke yake unaanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 na kitu, kiini karibu na 70, ila ukishaongeza supu protini zimetawanyika, zinahitaji kama nyuzi 80 ndo zishikane. Sasa ukiruhusu ndani ya bakuli joto likaribie 100, maji yaliyoshikwa na yai yanaanza kuchemka humo humo, yanatoboa njia, na protini zinajikaza zinayakamua nje. Yale matundu unayoyaona na yale maji yanayokusanyika chini chanzo chake ni kimoja, moto umezidi. Watu wakiona maji wanadhani yai bado bichi wanaongeza muda, ndo wanaliharibu zaidi.

Bakuli moja la mayai 3 linachukua dakika 12 mpaka 15, vikombe vidogo 8 mpaka 10. Lijaribu kwa kutikisa: pembeni limetulia, katikati linatetemeka lote kwa pamoja bila mawimbi ya maji. Au choma na kijiti katikati, kikitoka na maji meupe angavu limeiva, kikitoka na maji ya njano yenye ukungu rudisha dakika 2. Zima, liache humo dakika 5 kabla ya kulitoa.

Mapambo ya zamani juu yake ni vipande vyembamba vya seogi, kile cheusi kinachoota kwenye mawe ambacho Wakorea wanakiita uyoga, na nyuzi za pilipili kavu nyekundu, silgochu, na kitunguu cha majani. Vinawekwa yai likishakaribia kushika, vikiwekwa mapema vinazama. Ukitaka kuweka uyoga ndani sawa, isipokuwa maitake uuive kwanza, ukiwa mbichi una kimeng'enya kinachokatakata protini za yai na bakuli lako halitaganda hata ulipike saa nzima.

Juu ya wali

Sasa hii ya tatu. Zamani nyumba za Korea zilikuwa na gamasot, chungu kikubwa cha chuma kizito kilichojengewa kwenye meko ya jikoni, wali wa nyumba nzima unapikwa humo, na moto ule ule unapitisha joto chini ya sakafu za vyumba. Kuni zilikuwa na kazi, muda ulikuwa na kazi, hakuna mtu angewasha moto mwingine kwa ajili ya bakuli la mayai. Kwahiyo mama mwenye nyumba alichanganya mayai na maji na uduvi kwenye bakuli, wali ukikauka maji anaweka bakuli juu ya wali, anafunika, wali ukiwa unakaa kwenye joto la kumalizia yai nalo linaiva. Anapakua wali na yai kwa wakati mmoja.

Unaweza kufanya leo kwenye sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Pika mchele kama kawaida, subiri mpaka maji ya juu yamekauka umebaki na vishimo vidogo vidogo vya mvuke kwenye uso wa wali, funua haraka, weka bakuli dogo la mayai 2 na supu mililita 100 limefunikwa na foili, likandamize kidogo likae sawa, funika, moto mdogo kabisa dakika 12, zima, acha 5. Usifunue funue, kila ukifunua mvuke umepotea na wali unakauka. Haliwi laini kama la bakuli la maji, linakuwa gumu kidogo, lina harufu ya wali mpya, na kitako cha bakuli kinatoka na punje za wali zimeganda. Kuna watu wazima Korea ukiwatajia gyeran jjim ya mgahawani watakula, lakini wanayoikumbuka ni hii. Jiko la wali la umeme lenye kitrei cha mvuke nalo linafanya kazi.

Ukoko unaobaki chini usiutupe, huko unaitwa nurungji, mwagia maji ya moto, uchemke kidogo, unakunywa baada ya chakula. Inaitwa sungnyung na baada ya chakula chenye uduvi na kimchi inasafisha mdomo vizuri sana.

Maikrowevu nayo inawezekana, kwa mtu mmoja mwenye haraka, bakuli refu, funika uache upenyo, nguvu nusu, dakika 2, koroga, dakika 1 na nusu tena. Inashibisha.

Inaliwa pamoja na nini

Gyeran jjim peke yake haijakamilika, hili nalisema kwa uzito kwasababu naona watu wanaipika wanaila yenyewe kama staftahi wanaona imepooza. Imepooza kwa makusudi. Meza ya nyumbani Korea ina wali, supu au jjigae, kimchi, na vitoweo vidogo vidogo, banchan, na hesabu ya zamani ya meza ilikuwa kwa idadi ya hivyo vitoweo, meza ya 3, ya 5, ya 7, mpaka ya 12 ya mfalme, na kwenye hiyo hesabu wali, supu, kimchi, jjim (vyakula vya mvuke kama hili yai) na sosi havihesabiwi, vinachukuliwa vipo tu. Yai la mvuke liko hapo kupoza. Unakula kimchi kali, unachukua kijiko cha yai, unarudi kwenye wali. Ndo maana sehemu zinazouza miguu ya kuku ya pilipili au pweza wadogo wa pilipili karibu kila meza utakuta chungu cha yai katikati. Na ndo chakula cha watoto na wagonjwa na wazee wenye meno mabovu, hapo punguza chumvi nusu na uache pilipili.

Meza rahisi ya siku ya kazi: wali, doenjang jjigae, kimchi, chipukizi za soya zilizochemshwa na kuungwa kwa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu, na chungu cha yai. Jjigae ianze, chipukizi zifuate, yai liwe la mwisho kabisa, watu wameshanawa. Linaliwa kwa kijiko, sio vijiti, na mkubwa wa meza ndo anashika kijiko kwanza.

Ukitaka kulibadilisha kidogo, ongeza mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, myeongnan, vua ngozi yake na changanya nusu kipande, chumvi nyingine yote acha. Tofu laini ya kusagasaga ndani pia ni nzuri. Jibini juu ni ya migahawa ya kisasa, watoto wanaipenda.

Likiharibika, na kuosha chungu

Maji chini kwenye la chungu, uliacha kukoroga mapema au supu ilizidi. Harufu ya kuungua, kijiko hakikufika chini. Halijavimba, chungu kikubwa au mfuniko wa bapa au ulikoroga mpaka likaiva lote. La bakuli lina matundu, moto. Limekataa kuganda kabisa, pima tena supu, huenda imepita mara mbili ya mayai. Limebaki? La bakuli liweke kwenye friji ule kesho likiwa la baridi na tone la sosi ya soya, tamu kweli, la chungu likipashwa linakuwa gumu kwahiyo pika la kumalizika.

Chungu cha ttukbaegi usikioshe na sabuni. Udongo una vitundu, unanyonya sabuni na ukikibandika tena inatoka kwenye chakula. Kiloweke kwa maji ya vuguvugu mpaka yai lililonata lilegee, sugua kwa brashi laini na magadi au unga wa ngano kidogo au maji ya kuoshea mchele, suuza. Kikiwa kipya kabisa chemsha ndani yake maji ya mchele dakika 10 kabla ya kukitumia, wanga unaziba vile vitundu. Na ukikihifadhi hakikisha kimekauka mpaka ndani, mfuniko weka pembeni, ukikifunika kikiwa na unyevu kinaota ukungu.